Mshubiri wa Nyuma ya Landhi

Mshubiri hautaki kupendwa sana. Ukiupenda kama unavyopenda kunde zako, ukaupelekea maji asubuhi na jioni, utaoza mizizi na kukufia huku majani bado yamenona, na utabaki ukijiuliza ulikosea wapi. Unataka changarawe, jua, na mwenye bustani anayejua kukaa mbali. Mama yangu aliniambia hivyo siku aliponifungia mche wa kwanza katika kipande cha gunia, nilipokuwa naondoka Bunyore kumfuata mume wangu Nakuru. Nilimwitikia kwamba nimesikia. Nilikuwa msichana bado, na macho yangu yalikuwa kwenye garimoshi.

Nayaandika haya kwa ajili ya mama yeyote aliyeambiwa kwamba kifua chake kina ugonjwa na kwamba mtoto wake asimkaribie. Mambo ya mapafu na vijidudu waulize waliosomea. Mimi nimepona, napumua, nachota maji yangu mwenyewe, na ninayoyajua ni yale yanayompata mtu kati ya kulazwa na kurudi nyumbani. Hayo hakuna aliyenieleza, na laiti ningeelezwa.

Tulikaa katika landhi za reli, chumba kimoja cha mawe, mume wangu akifanya kazi karakana. Nyuma ya chumba palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Wenzangu walipanda sukuma wiki na vitunguu. Mimi nilipanda mshubiri, karibu na ukuta, mahali ambapo maji ya bati hayadondoki. Udongo wa Nakuru ni mwepesi, unapitisha maji upesi, na mshubiri uliupenda kuliko ulivyoupenda ule wa kwetu. Ulizaa vichipukizi pembeni, nikavitenga, nikavipanda kwa mstari. Kila mwaka baridi ya Julai ilipoingia, ulitoa maua mekundu yenye kuelekea manjano, na ndege wadogo wa mdomo mrefu wakaja kunyonya.

Wanawake wa landhi walikuja pia. Aliyeungua na jiko alikuja, mwenye mtoto wa mapunye kichwani alikuja. Lakini wengi walikuja kwa ajili ya kuachisha mtoto ziwa. Unakata jani, unaliinamisha juu ya kisahani, utomvu wa manjano unadondoka wenyewe. Mama anajipaka kidogo kwenye chuchu, mtoto anakuja mbio na mdomo wazi, halafu anakunja uso kama mzee aliyepewa chai isiyo na sukari. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jaribio la pili, la tatu, basi, mtoto ameacha. Waliniita Mama wa Shubiri, na mimi sikukikataa cheo.

Kikohozi kilinianza mwaka ule Ziwa Nakuru lilipokauka. Watu wa Nakuru wanaujua upepo wa kiangazi cha namna hiyo, unavyookota vumbi jeupe la magadi na kulimwaga mjini mpaka nguo zilizoanikwa zinakakamaa. Kila mtu alikohoa. Mwalimu wa Jumapili alikohoa katikati ya sala, wapiga debe wa sokoni walikohoa, na mimi nikakohoa nao. Nani angejua kwamba kikohozi changu kilikuwa na baba mwingine?

Nilijitibu mwenyewe. Si nilikuwa Mama wa Shubiri? Kila asubuhi nilikunywa maji ya mshubiri na asali, nafunga macho, nameza. Na kila asubuhi, baada ya kumeza, nilimpa ziwa binti yangu Ayuma, ambaye alikuwa ameanza tu kusimama kwa kushika ukuta. Tumbo lake likaanza kuendesha. Nikasema ni meno. Jirani akasema labda ni ile dawa ninayokunywa, inapita kwenye maziwa. Nikamwambia aende akalee wake. Meno, nilisema, meno. Mpaka leo nikimwona mtoto mwenye makalio mekundu kwa kuendesha, nageuza uso.

Mwili ulinikimbia polepole. Bangili ya harusi ilianza kuteremka mpaka kwenye vidole. Nilikuwa nikilowesha shuka zima kwa jasho. Kisha siku moja nikiwa nafua nilikohoa kwenye leso, na rangi niliyoiona haikuwa ya leso. Nikaifua haraka. Lakini mume wangu alikuwa mlangoni.

"Mama Ayuma," akasema, "kesho tunaenda hospitali. Sitaki maneno."

"Na nani atabaki na mtoto?"

"Nimesema sitaki maneno."

Kuhusu kungoja nikuambie hivi: beba kitu cha kukalia na kitu cha kula, na usihesabu waliokutangulia. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya kibaraza cha bati, kila mmoja na kikohozi chake. Mwanamke mmoja ambaye sikuwahi kujua jina lake alikivunja kiazi kitamu chake katikati akanipa kipande kikubwa. Nilipigwa picha ya kifua, kifua wazi kwenye bamba la baridi. Siku nyingine tukarudi kusikia majibu. Dresa, msaidizi wa daktari, aliyetuita alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alimtazama Ayuma mapajani mwangu kabla hajanitazama mimi.

"Hii mtoto unanyonyesha?"

"Ndiyo."

"Basi kutoka leo, hapana. Na usimlaze karibu. Kitanda ikipatikana tunakuita. Utakaa wodini mpaka mvua ingine kubwa, pengine kupita."

"Nitakuja naye?"

"Mama," akasema, na akaketi kabisa ili tuwe sawa, "huko hakuna watoto."

Walimpima Ayuma naye. Hakuwa na kitu. Nilipoambiwa hivyo nililia kwa mara ya kwanza, na mume wangu akafikiri nimesikia vibaya.

Aliagiza kwao kupitia kwa gadi wa garimoshi, na baada ya siku chache dada yake mkubwa akafika na kikapu na kuku mmoja. Jina lake Dorika. Alikuwa ameolewa upande wa Kakamega, akakaa bila kupata mtoto, akarudishwa kwao. Hakuwa mtu wa maneno. Alimchukua Ayuma, akampima uzito kwa mikono, akasema, "Huyu anataka uji," na akaenda kupika.

Ayuma hakutaka uji. Alinitaka mimi. Alilia akivuta gauni langu, akapiga kifua kwa kiganja, akaita kwa neno lake la maziwa. Nilikaa upande wa pili wa chumba, mikono nimeikalia. Dorika akasema, "Wacha mimi nimzoeshe polepole. Maziwa ya mbuzi, uji mwepesi. Atalia, atanyamaza. Usimpake hiyo kitu yako."

"Shubiri ni yangu," nikamjibu. "Mimi ndiye najua."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaza jambo, na nililiona la hekima. Niliwaza kwamba mtoto anayemkumbuka mama yake kwa utamu atalia miezi yote. Anayemkumbuka kwa uchungu atamsahau, atakula, atalala. Heri anichukie kuliko anililie. Dorika aliniomba tena, na safari hii aliniita mwanangu. Nikaenda nyuma nikakata jani.

Jua lilikuwa bado juu ya mlima Menengai. Nilijipaka, nikaketi mlangoni, nikafungua gauni. Ayuma alikuja akicheka, anayumba, mikono mbele. Akashika, akavuta mara moja. Hakukunja uso kama wale wengine. Aliachia na kunitazama machoni, kwa muda mrefu, kama anayesubiri nimweleze. Kisha akajaribu tena. Na tena. Mara ya mwisho aliweka tu paji lake la uso kwenye kifua changu bila kufungua mdomo. Niliinuka nikamweka chini. Miaka yote ile nilipowachekea watoto wa wenzangu, hakuna hata mmoja aliyekuwa amenitazama mimi. Walikuwa wanatazama mama zao.

Kitanda kilipatikana. Sikumuaga mtoto. Niliondoka amelala, kwa sababu walisema ndivyo vyema.

Wodini maziwa yaliendelea kuja siku nyingi. Hayakuwa yameambiwa. Kifua kilijaa, kikawa kigumu na moto, nikakifunga kwa leso ya kujitanda, ikalowa, nikafunga nyingine. Walinidunga sindano kila siku mpaka nikawa sina upande wa kukalia, na masikio yakaanza kulia kama birika. Kulikuwa na dawa nyingine ya kumeza, nyingi, mbaya, yenye kupindua tumbo. Wenzangu waliitema kwenye maua. Mimi nilimeza yote. Kila nilipohisi ule uchungu ukinishuka kooni nilisema moyoni, haya, na wewe onja. Muuguzi alinisifu mbele ya wengine kwa utii. Angejua!

Kitanda cha jirani kilikuwa na mama mzee Mkipsigis tuliyemwita Kogo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na changu cha ugonjwa, tukaelewana vizuri. Mwanawe alimletea maziwa ya kibuyu, naye alinimiminia kwenye kifuniko kabla ya kunywa mwenyewe. "Kunywa," alisema. "Wewe iko na mtoto." Baridi ilipoingia Kogo aliacha kukohoa kwa nguvu, kisha akaacha kabisa. Muuguzi alinipa blanketi lake, lilikuwa zito kuliko langu. Nililala vizuri usiku huo, na asubuhi niliona haya kwa kulala vizuri.

Siku za kutembelewa watoto hawakuruhusiwa kupita ua wa kayaba. Ilikuwa miaka ya pasi za kutembea na kafyu, na mume wangu akipata nafasi alikuja na Dorika, wakasimama upande wa pili wa miiba. Mara ya kwanza alimwinua Ayuma juu ya mabega. Nilipunga mkono. Nilikuwa nimevaa kitambaa kizuri.

"Mama yako yule!" Dorika akamwambia. "Mpungie mama!"

Ayuma alinitazama kidogo, akalia, akanyoosha mikono. Aliinyoosha kwa Dorika. Dorika akampokea na kumpapasa mgongo bila kufikiri, kama anavyofanya mtu kwa mwanawe. Nilirudi kitandani nikamwomba Mungu kwamba mtoto amkatae Dorika. Ndiyo, niliomba hivyo. Yule mwanamke alikuwa ameacha kwao kuja kunilelea mwana, na mimi nilimwombea ubaya nikiwa na kitabu cha nyimbo mkononi.

Mvua kubwa zilikuja, zikapita, na ndipo daktari alipoitazama picha mpya na kuitikia kwa kichwa akifurahi. Nilirudi nyumbani na vidonge vya kuendelea navyo na amri ya kutonyeshewa. Nilikuwa nimenenepa, bangili ilikuwa imegoma kupita. Landhi nzima ilitoka kunipokea. Ayuma alikuwa anasema sasa, sentensi nzima. Alisimama nyuma ya Dorika, ameshika sketi yake.

"Mama," akamuuliza Dorika, "huyu ni mgeni?"

Nilifanya yote ambayo nawe utataka kuyafanya. Nilimshonea gauni. Nilimnunulia mandazi. Nilimkumbatia akiwa anacheza, nikambusu akila, nikamwita jina kila mara. Kadiri nilivyomfuata ndivyo alivyopiga kelele. Mandazi alipokea, akayapeleka kwa Dorika ayakate. Mimi hakuniita jina lolote.

Ilinichukua siku kadhaa kwenda nyuma ya nyumba. Nilipokwenda, nilisikia harufu kabla sijaona. Mshubiri wangu wote ulikuwa umeoza. Majani yalikuwa ya kahawia, yamelala chini kama matambara mabichi, ukiligusa moja linateleza mkononi. Mstari mzima. Udongo ulikuwa tope, na ilikuwa kiangazi! Hasira ya miezi yote ikapata mahali pa kwenda.

"Nani ameua mshubiri wangu?" nilipiga kelele. "Dorika! Ulikuwa unafanya nini hapa? Si nilisema usimwagiliwe?"

Dorika alitoka akasimama mlangoni. Akapisha. Ayuma akapita pembeni yake ameshika kopo la samli kwa mikono miwili, limejaa maji, ulimi nje kwa bidii. Alinipita kana kwamba mimi ni mpita njia. Akainama akamwaga kwenye shina la kwanza, akasubiri maji yaingie, akarudi kuchota mengine.

"Alikuwa analia hapo mlangoni kila siku," Dorika akasema polepole. "Hakula. Mimi sikujua la kumwambia. Nikamwambia mama ameenda kwa sababu dawa yake ilikuwa kidogo. Akimwagilia hii ikuwe mingi, mama atarudi."

"Akamwagilia kila siku?"

"Hata siku ya mvua. Ukimkataza anakataa chakula. Niliona inaoza, mke wa ndugu yangu. Niliona. Nikachagua mtoto."

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nilikuwa nimelala wodini nikiamini kwamba nimefaulu, kwamba ananichukia na anakula vizuri. Kumbe alikuwa amebeba maji. Ule uchungu niliomwonjesha ndio alioutunza ili nirudi, na nilikuwa nimerudi, na hakujua kwamba ndiye mimi. Hakuna aliyemwambia mwisho wa kazi yake.

Nilichimba kwa vidole. Pembeni kabisa, juu ya jiwe, palikuwa na kichipukizi kimoja kigumu. Nilikikata, nikafuta tope, nikakiweka chini ya ukingo wa paa kikauke kidonda. Mshubiri uliokatwa haupandwi siku hiyo, unaachwa bila udongo na bila maji mpaka ujifunge. Ayuma alikuja na kopo lake.

"Bado," nikamwambia. Sikumgusa. "Ukimpa maji leo, atakufa. Tungoje."

Alilia. Nilimwacha alie, nikiwa nimekaa upande mmoja wa kichipukizi na yeye upande wa pili. Kila asubuhi alikuja. "Leo?" "Bado." Hapo ndipo nilipoacha kumfuata. Nilikaa tu mahali nilipoonekana. Tulikipanda katika changarawe, akaruhusiwa kumwaga kifuniko kimoja cha maji, akakimwaga kwa heshima kubwa.

Kwa hiyo, wewe unayesoma na jina lako limeandikwa wodini: muage mtoto wako akiwa macho. Alie nawe ukiwepo. Mwachie anayekuja kumlea amwachishe kwa njia yake. Na dawa ya kikohozi usijipimie mwenyewe ukiwa na mtoto kifuani. Wanawake bado wananijia. Wa kuungua nampa jani. Wa kuachisha ziwa namwambia arudi nyumbani akapike uji, na wengine hukasirika.

Mume wangu alianza kusema kwamba Dorika sasa anaweza kurudi Bunyore. Alilisema mbele yetu sote wawili, kwa wema tu. Dorika alisema ndiyo. Nami nilifurahi kabla sijaweza kujizuia.

Siku mbili baadaye tulikuwa ndani, mimi na yeye, kila mmoja na ungo wake wa maharagwe. Mbingu ilikuwa imefunga kutoka asubuhi. Mvua ikashuka kwa kishindo juu ya bati, na tukasikia sauti ya Ayuma kutoka nyuma.

"Mama! Mama, kuja! Inazama!"

Tuliinuka sote wawili. Dorika alikuwa karibu zaidi na mlango, na miguu yake ilikuwa imezoea. Ayuma akatokea kizingitini amejifunika karai kichwani, maji yanamtiririka puani. Alimtazama Dorika, akatikisa kichwa.

"Si wewe," akasema. "Huyu wa shubiri."

Dorika aliketi. Mimi nilitoka kwenye mvua niliyokatazwa, tukakifunika kile kichipukizi kwa karai, tukalishikilia pamoja, mkono wake mdogo wenye baridi umekandamizwa chini ya wangu. Alikuwa ananieleza kwa kelele jinsi maji mengi yanavyoua, kana kwamba sijui. Tulikaa hapo mpaka mvua ikapungua.

Tuliporudi ndani tumelowa, Dorika alikuwa amemaliza kuchambua maharagwe yote, yake na yangu.